Bwawa Kuu la Aswan: nani aliyelipia usalama wa maji ya Misri?

Tarehe 9 Januari 1960 Rais Gamal Abdel Nasser alizindua ujenzi wa Bwawa Kuu, kusini kidogo ya mji wa Aswan. Kazi ilikamilika Julai 1970. Septemba mwaka huohuo Nasser akafariki dunia, na ufunguzi rasmi ukafanywa na mrithi wake, Anwar Sadat, Januari 1971. Katika miaka hiyo kumi na moja Misri iliachana na jambo lililopanga maisha yake tangu kabla ya mafarao wa kwanza, yaani mafuriko ya kila mwaka ya Mto Nile.

Msimamo wangu niuseme mapema. Misri ililihitaji bwawa hili, na bwawa limefanya kazi liliyojengewa. Ila namna gharama zake zilivyogawanywa haikuwa ya lazima hata kidogo. Mzigo walitwishwa watu wasioitwa mezani: Wanubia waliokaa hapo ukingoni, na nchi za juu ya mto ambako maji yenyewe yanatoka. Madeni hayo mawili hayajalipwa mpaka leo, na ndiyo yanayonifanya nikirudie kisa hiki.

Mto uliopimwa kwa dhiraa

Tuanze na maji yenyewe. Nile inayopita Misri inalishwa na matawi yenye tabia tofauti kabisa. Nile Nyeupe inatoka Ziwa Viktoria pale Jinja, na maji yake hayapandi wala kushuka sana mwaka mzima. Nile ya Buluu inatoka Ziwa Tana, Ethiopia, nayo inafurika kwa nguvu mvua zinapopiga milimani kati ya Juni na Septemba. Inaungana na Nile Nyeupe pale Khartoum, na mbele zaidi unaingia mto Atbara. Kwa mwaka, takriban asilimia 85 ya maji yanayofika Aswan yametoka nyanda za juu za Ethiopia, na mengi yanafika ndani ya miezi michache tu. Maji hayo yalikuwa mazito kwa tope jeusi la volkano lililomomonyolewa kwenye milima hiyo.

Mkulima wa Misri ya kale hakuhitaji samadi. Mashamba yalizungushiwa matuta, maji ya mafuriko yakaingizwa humo na kuachwa wiki kadhaa yatuame, tope likakaa chini, kisha maji yakarudishwa mtoni na mbegu zikamwagwa kwenye udongo mbichi. Mwaka wao wenyewe uligawanywa kwa majira matatu ya miezi minne minne: mafuriko, kuota kwa mazao, na mavuno. Chumvi ya ardhini ilisafishwa kila mwaka na maji yaleyale. Kilimo hicho kilidumu maelfu ya miaka kwenye ardhi ileile bila kuichosha, jambo ambalo mataifa machache sana ya kale yaliliweza.

Lakini asiwepo mtu wa kuyaremba mafuriko hayo. Yalikuwa bahati nasibu. Kwenye kisiwa cha Elephantine, mbele ya Aswan, zipo ngazi za mawe zinazoshuka mtoni, na ukutani kuna alama za kupimia kina. Kairo ipo nguzo ya kipimo kisiwani Roda, iliyojengwa mwaka 861 enzi ya Khalifa al-Mutawakkil. Makadirio ya mavuno, na kodi iliyotegemea mavuno, yalianzia kwenye vipimo vya namna hiyo. Mwandishi wa Kirumi Plinius Mkubwa aliandika kipimo chenyewe: maji yakifika dhiraa kumi na mbili kuna njaa, kumi na tatu bado kuna upungufu, kumi na nne ni furaha, kumi na tano ni usalama, kumi na sita ni neema tele. Tazama jinsi umbali kati ya njaa na neema ulivyokuwa mfupi: dhiraa nne, takriban mita mbili za maji. Na yalipozidi sana yalibomoa matuta na kusomba vijiji. Kati ya 1200 na 1202 mto uligoma kupanda, na tabibu Abd al-Latif al-Baghdadi, aliyekuwapo Misri wakati huo, akaacha maelezo ya njaa ambayo ni mazito kuyasoma hadi mwisho.

Kwa hiyo kiongozi wa Misri aliyetaka kuiondoa nchi yake kwenye bahati nasibu hiyo hakuwa mtu wa ndoto za mchana. Waingereza walikuwa wameshajenga bwawa la kwanza la Aswan mwaka 1902, wakaliongeza urefu kwa awamu mbili, kazi ya mwisho ikiisha 1933. Bwawa hilo lilikuwa na milango mingi chini yake. Mafuriko yalipokuja milango ilifunguliwa na tope likapita. Mwishoni mwa msimu ikafungwa ili yahifadhiwe maji ya kumwagilia pamba wakati wa kiangazi. Ulikuwa mpango wa busara, ila uliweza kuhifadhi maji ya msimu mmoja tu. Ukame wa miaka miwili mfululizo ungeikuta nchi mikono mitupu.

Bwawa lenye siasa ndani yake

Wazo la bwawa moja kubwa la kuhifadhi maji ya miaka mingi lilipigiwa debe na mhandisi Adrian Daninos, Mgiriki wa Misri, na maofisa waliopindua ufalme mwaka 1952 wakalikumbatia. Historia ya fedha zake inajulikana vizuri, nitaipitia haraka. Julai 19, 1956 Marekani iliondoa ahadi yake ya mkopo. Wiki moja baadaye Nasser akautaifisha Mfereji wa Suez, akisema mapato yake yatajenga bwawa. Uingereza, Ufaransa na Israel zikaingia vitani, zikalazimika kuondoka, na mwishowe Urusi ya Kisovieti ikatoa mkopo na wahandisi.

Mkataba wa maji ndio unaostahili kusomwa polepole. Novemba 1959 Misri na Sudan zilikaa na kugawana mto. Hesabu yao ilikuwa hivi: wastani wa maji yanayofika Aswan kwa mwaka ni mita za ujazo bilioni 84. Ondoa bilioni 10 zitakazopotea ziwani, zaidi kwa kukauka juani. Zinabaki 74. Misri ichukue bilioni 55.5, Sudan bilioni 18.5. Jumlisha mwenyewe utaona hakikubaki kitu. Ethiopia, inayotoa sehemu kubwa kabisa ya maji hayo, haikualikwa. Uganda, Kenya na Tanganyika zilikuwa bado chini ya Uingereza, ambayo ilishawafunga mikono kwa makubaliano ya 1929 yaliyokataza kazi yoyote ya kupunguza maji yanayokwenda Misri bila idhini ya Misri. Mkataba ulitamka kwamba nchi nyingine zikidai fungu lao, Misri na Sudan zitayazungumza madai hayo kwa sauti moja. Yaani waliogawana ndio watakaoamua kama wengine wapewe chochote.

Sudan ilikubali pia kupokea pauni milioni 15 za Misri kama fidia ya ardhi na mali zitakazozama. Ndani ya fungu hilo ulikuwamo mji mzima wa Wadi Halfa. Oktoba 1960 wenyeji wakaandamana dhidi ya uamuzi wa serikali ya kijeshi ya Jenerali Ibrahim Abboud, na maandamano yakafika Khartoum. Hayakubadili kitu.

Nubia

Ziwa lililotokea nyuma ya bwawa lina urefu wa takriban kilomita 500, na theluthi yake ya kusini iko Sudan. Wamisri wanaliita Ziwa Nasser, Wasudani wanaliita Ziwa Nubia. Chini yake kuna nchi. Hapo palikuwa na ngome ya matofali ya udongo ya Buhen, yenye umri wa karibu miaka 4,000, na pale Semna palikuwa na miamba ambayo mafarao wa Ufalme wa Kati walichonga alama za kina cha mafuriko. Palikuwa na Faras, mji wa wafalme Wakristo wa Nubia, ambako wanaakiolojia wa Poland wakiongozwa na Kazimierz Michałowski walikuta mchangani kanisa kuu lenye michoro ya ukutani zaidi ya 100. Michoro hiyo ilibanduliwa upesi, sehemu ikaenda Warsaw na sehemu Khartoum, kisha Faras ikazama.

Juu ya historia hiyo yote waliishi watu takriban 100,000, nusu yao Misri na nusu Sudan. Wanubia wa upande wa Misri walikuwa wameshahamishwa mara tatu kabla ya hapo, 1902, 1912 na 1933, kila bwawa la Waingereza lilipojengwa au kupandishwa. Kila mara walipanda juu zaidi ya mteremko na kujenga upya. Mashamba yalipozama, wanaume walikwenda Kairo na Alexandria kutafuta kazi za upishi na ubawabu, na wanawake na wazee wakabaki kushika miji. Nyumba zao zilikuwa kubwa, zenye uwanja wa ndani, kuta zikipambwa kwa michoro na sahani za kauri zilizopachikwa kwenye plasta. Mtende mmoja uliweza kuwa mali ya watu kadhaa, kila mmoja na fungu lake la tende. Mtu aliyehamia mjini miaka ishirini iliyopita bado alikuwa na haki yake katika mti ule.

Sasa hapakuwa na mteremko wa kupandia. Kati ya 1963 na 1964 Wanubia wa Misri walipelekwa Kom Ombo, kaskazini ya Aswan, kwenye vijiji vilivyopangwa kwa safu na vikapewa majina yaleyale ya zamani. Nyumba nyingi hazikuwa zimekamilika walipofika. Mto uliokuwa mlangoni sasa ulikuwa kilomita kadhaa mbali. Miaka ya mwanzo ilikuwa na vifo vingi, hasa vya watoto wachanga na wazee.

Wa upande wa Sudan walipelekwa mbali zaidi, hadi Khashm el-Girba kwenye mto Atbara, takriban kilomita 800 kutoka kwao, mahali penye mvua za radi ambazo hawakuwa wamezizoea. Treni ya kwanza iliondoka Wadi Halfa Januari 1964. Hassan Dafalla, mkuu wa wilaya aliyesimamia zoezi lote na ambaye wazi lilimuumiza, alieleza jinsi watu walivyokwenda makaburini kuwaaga wafu wao kabla ya kupanda mabehewa. Maofisa walikuwa wamehesabu vyumba, ardhi na mitende kwa uangalifu mkubwa. Kwa makaburi hapakuwa na safu katika daftari. Baadhi ya watu wa Halfa walikataa katakata kuondoka. Walihamisha vibanda vyao kila maji yalipopanda, na ni wao waliouwezesha mji wa Wadi Halfa kuwapo mpaka leo. Huko Khashm el-Girba, bwawa lililojengwa kumwagilia mashamba ya wahamiaji likajaa tope na kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake. Walihamishwa kwa ajili ya bwawa moja, wakategemezwa bwawa jingine lililoanza kufa mapema.

Weka hayo kando ya kilichofanyiwa mahekalu. Machi 1960 UNESCO ilitoa wito kwa dunia, na nchi karibu 50 zikachangia. Hekalu la Ramses II pale Abu Simbel, lililochongwa ndani ya mwamba katika karne ya 13 KK, lilikatwa vipande zaidi ya 1,000, vingine vya tani 30, likapandishwa takriban mita 65 juu na kurudishwa nyuma kiasi cha mita 200. Gharama ilikuwa karibu dola milioni 40. Wahandisi walihakikisha kwamba jua la asubuhi bado linapenya hadi chumba cha ndani kabisa mara mbili kwa mwaka, mwezi Februari na mwezi Oktoba. Ni kazi ya kustaajabisha na ninafurahi ilifanyika. Mkataba wa urithi wa dunia wa 1972 umetokana kwa sehemu kubwa na kampeni ile. Lakini jambo moja halikwepeki. Hekalu liliwekwa juu tu ya pale lilipokuwa, likitazama maji yaleyale. Kama ilionekana ni muhimu sanamu za mawe zibaki mahali pake, hoja hiyohiyo ilikuwa na nguvu zaidi kwa watu wenye pumzi, na Wanubia wengi waliomba jambo hilo hasa: wangoje maji yatulie, kisha wajenge kwenye ukingo mpya wa ziwa. Hawakusikilizwa.

Tope lililobaki ziwani

Bwawa Kuu halina milango ya kupitisha mafuriko kama lile la Waingereza. Maji yakiingia ziwani yanatulia, na tope, zaidi ya tani milioni 100 kwa mwaka, linashuka chini upande wa kusini. Maji yanayotoka Aswan ni safi, yasiyo na rutuba. Misri ikaanza kununua na kutengeneza mbolea ya viwandani, nyingine ikitengenezwa Aswan penyewe kwa umeme wa bwawa. Delta, ile tambarare pale Nile inapoingia baharini, iliyojengwa na tope hilo kwa maelfu ya miaka, haikupata tena nyongeza. Bahari ikazidi kuila, hasa kwenye mdomo wa tawi la Rashid ambako ufuko umerudi nyuma kwa kilomita kadhaa. Dagaa wa Mediterania waliokuja kula kwenye maji ya mafuriko wakatoweka: mavuno ya takriban tani 18,000 mwaka 1962 yakaanguka hadi tani mia chache mwishoni mwa muongo huo. Wavuvi wa pwani ya delta nao hawakuwamo katika hesabu ya mtu yeyote. Mashamba yanayomwagiliwa mwaka mzima yakapanda chumvi, ikabidi kuchimbwa mitaro ya kutoa maji. Kichocho cha tumbo kikaenea katika delta, kwa kuwa konokono wanaokibeba hupenda mifereji yenye maji tulivu.

Haya yote yalikuwa yanatabirika, na baadhi ya wataalamu waliyasema mapema. Hata hivyo nayaweka chini kuliko suala la Nubia, kwa sababu mengi yana dawa, hata kama ni ghali: mbolea hununuliwa, mitaro huchimbwa, na kichocho kimetibiwa kwa kampeni kubwa za dawa mpaka kimepungua sana.

Upande wa faida nao tuutaje kwa haki. Mitambo 12 yenye uwezo wa megawati 2,100 ilibeba karibu nusu ya umeme wa nchi katika miaka ya 1970 na kupeleka taa vijijini. Shamba lililotoa zao moja likaanza kutoa mawili au matatu. Mtihani wenyewe ulikuja miaka ya 1980. Mvua ziligoma Ethiopia, na mwaka 1984 watu walikufa kwa njaa kwa mamia ya maelfu. Mto ukawa mdogo mwaka baada ya mwaka. Misri, iliyokunywa maji hayohayo, haikupata njaa, maana ilikuwa ikitumia akiba ya ziwa. Kufikia Julai 1988 uso wa ziwa ulikuwa umeshuka hadi takriban mita 150 juu ya usawa wa bahari, na mitambo ilibakiza mita chache tu isimame. Mvua kubwa za mwaka huo zikaokoa. Anayesema bwawa lile lilikuwa fahari ya Nasser tu, na aitazame miaka hiyo.

Waliosahaulika mezani wamerudi

Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961. Katikati ya 1962 serikali iliyozaliwa chini ya uongozi wa Julius Nyerere iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba makubaliano ya 1929 hayaifungi. Hoja ilikuwa fupi na ngumu kuipinga: nchi huru haiwezi kurithi ahadi iliyotolewa na mkoloni kwa niaba yake, bila yenyewe kuulizwa, ahadi inayoifanya iombe ruhusa ya nchi nyingine kutumia maji yake. Msimamo huo ulikuja kuwa kanuni inayofundishwa katika sheria ya kimataifa. Kwa vitendo ulionekana Tanzania ilipoyavuta maji ya Ziwa Viktoria hadi Kahama na Shinyanga bila kungoja idhini ya Kairo.

Mwaka 1999 nchi za bonde la Nile zilianzisha jijini Dar es Salaam chombo cha ushirikiano, na Mei 2010 mkataba mpya wa matumizi ya haki ukafunguliwa kwa saini Entebbe. Misri na Sudan ziliukataa, zikishikilia mafungu ya 1959. Ulianza kutumika Oktoba 2024 bila wao. Wakati huo Ethiopia ilishajenga. Bwawa lake kwenye Nile ya Buluu, lililoanza Aprili 2011 na kuzinduliwa Septemba 2025, linaweza kushika mita za ujazo bilioni 74 na lina uwezo wa zaidi ya megawati 5,000. Bilioni hizo 74 ni sawa na maji yote ambayo Misri na Sudan ziligawana kwenye karatasi mwaka 1959.

Hofu ya Misri si ya kuigiza. Nchi yenye watu zaidi ya milioni 100 na karibu hakuna mvua ina haki ya kutaka ahadi ya maandishi kuhusu kiasi kitakachoachiwa ukame ukija. Nadhani Ethiopia ingepaswa kuitoa, pamoja na takwimu za kila siku za maji yanayoingia na kutoka. Lakini Misri haiwezi kudai ahadi hiyo huku mkono mwingine umeshika mkataba uliomwachia Mwethiopia sifuri. Mradi mafungu ya 1959 yapo mezani kama haki isiyoguswa, mazungumzo yatavunjika kama yalivyovunjika mara nyingi tayari.

Deni la pili ni la ndani ya Misri na halihitaji nchi nyingine ikubali. Katiba iliyopitishwa Januari 2014, kifungu cha 236, iliitaka serikali ifanye miradi ya kuwarudisha Wanubia kwenye maeneo yao ya asili na kuyaendeleza ndani ya miaka kumi. Mwishoni mwa mwaka huohuo amri ya rais namba 444 ikaweka eneo kubwa la mpaka wa kusini, pamoja na ardhi ya vijiji vya Wanubia, chini ya udhibiti wa jeshi. Miaka kumi iliisha Januari 2024 na watu hawajarudishwa. Ukingo wa ziwa upo, maji yametulia tangu miaka ya 1970, na upande wa magharibi, huko Toshka, serikali imechimba mifereji na kufungua mashamba makubwa kwa kampuni na wawekezaji. Ardhi imepatikana kwa hao. Wajukuu wa waliopelekwa Kom Ombo wanaomba vijiji vyao kwenye ukingo uleule, kwa majina yaleyale, na kifungu cha katiba wanacho mkononi.